Nilimchukia Ndugu Yangu, Mke Wangu Akakosa Mlango

Jina langu siandiki, na la kijiji chetu pia siandiki. Watu wa kwetu wakisoma hii watanijua tu, na wacha wanijue. Nilikosa. Sitasema ni shetani, sitasema sikujua. Nilikosa mchana, na akili zangu zote, na haki ya Mungu nilifurahia wakati nikifanya.

Usifikiri nataka kukueleza habari za pombe au wanawake. Pombe sinywi. Mwanamke nilikuwa na mmoja tu, na tulifunga ndoa kanisani. Ukiuliza Kawangware watakwambia mimi ni mtu mwema, mtu wa familia, mtu aliyetoka chini. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nimechoka kusifiwa na watu ambao hawajui kitu.

Nilikuja Nairobi miaka miwili baada ya uhuru, bila viatu. Nilipata chumba Makina, kule Kibera, kwa mama mmoja Mnubi, mzee wa watu, nitamwita Mama Halima. Nikaanza kutengeneza koroboi kwa mikebe ya mafuta kule Laini Saba, kando ya reli. Treni ikipita unashika mikebe yako isiviringike. Kutoka koroboi nikaingia kwa masanduku ya bati, yale ya watoto wa bweni. Mwezi wa kwanza, wakati shule zinafunguliwa, wazazi walikuwa wanapiga foleni mpaka kwenye njia ya reli.

Baadaye nikanunua ploti Kawangware. Nikajenga vyumba sita, halafu kumi, halafu ishirini. Hakuna aliyenisaidia, si serikali, si kanisa, na baba yangu ndiye wa mwisho kabisa. Hilo lilinikaa kichwani likaoza humo.

Maana nina ndugu mkubwa. Nitamwita Owuor, si jina lake. Mzee wetu aliuza ng'ombe wanne Owuor asome. Mimi nilipouliza zamu yangu niliambiwa ng'ombe waliobaki watachungwa na nani, upepo? Owuor akasoma, akarudi na tai shingoni na cheti ambacho hakikumpa hata kazi ya kufagia. Akakaa nyumbani. Asubuhi anakaa upande huu wa ukuta, jua likigeuka anahamia upande ule. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hapo mimi vidole vinakatwa na bati Laini Saba!

Nilimchukia. Nasema wazi.

Sasa kwetu sisi watu wa ziwa kuna utaratibu, na asiyeujua nimweleze. Kijana akikua anajengewa kijumba karibu na lango la baba yake. Kinaitwa simba. Anaolea humo. Halafu siku ikifika anatoka, anaenda kuanzisha boma lake. Baba yake anatangulia, mtoto wa kiume anabeba jogoo, mke anabeba moto. Siku hiyo mke anajengewa nyumba yake, yenye mlango wake. Mwanamke ambaye hajapata huo mlango, hata awe na watoto kumi, kwetu bado ni kama mgeni aliyekawia.

Lakini mdogo hamruki mkubwa. Mkubwa asipotoka, mdogo anangoja. Na Owuor alikuwa hajatoka. Alikuwa bado kwa simba yake na mke na watoto watano, nyasi zinavuja, anasema anangoja mabati.

Elewa hapo. Mimi fundi wa bati, mwenye vyumba ishirini, niliwekewa kizuizi na mtu asiye na suruali ya pili.

Mke wangu, Mama Atieno, alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwa, sokoni Kawangware. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Krismasi alikuwa anaenda nyumbani na watoto kwa basi. Mimi nilikuwa siendi, nilikuwa natuma sukari. Simba yetu ilishaliwa na mchwa ikaanguka, mimi sikuijenga tena, na kwetu mke wa mtu hawezi kulala nyumba ya mama mkwe. Kwa hivyo alikuwa analala jikoni kwa mke wa Owuor, chini, na kuku na mbuzi mmoja. Mke wa mwenye ploti! Akirudi nguo zina harufu ya moshi wiki nzima.

Akaniomba. Aliniomba miaka. Alisema nimpe Owuor mabati ishirini tu, ajenge, atoke, na sisi tufuate. Mzee anazeeka, alisema, na anataka kututoa kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikamjibu kwamba sikuzaliwa nijenge uvivu wa mtu. Nikamwambia Owuor aoze kwa simba yake mpaka amee uyoga. Maneno kama hayo nilikuwa nayo mengi, na nilikuwa nasema mbele ya watoto.

Halafu Owuor mwenyewe akaja.

Ilikuwa katikati ya wiki, saa nne hivi, kazi imepamba moto pale kwenye ploti Kawangware, nilikokuwa nimehamishia karakana. Niliinua macho nikamwona amesimama kwa lango, koti la zamani, na mfuko wa unga wa wimbi ambao mama yetu alikuwa ametuma. Nilimwona vizuri, nikaendelea kupiga nyundo. Nilimwacha asimame pale mpaka sanduku lote likaisha. Wafanyakazi wangu wanamtazama, wapangaji wanamtazama, na mimi sijamkaribisha hata kwa kigoda.

Alipoona hivyo akasogea. Akasema kwa sauti ya chini, "Omera, ndugu yangu, sikuja kuomba. Nimekuja unisaidie nikupishe."

Nikacheka. Lo, nilicheka! Nikawaita wafanyakazi, nikawaambia mnaona huyu, huyu ndiye alisomeshwa na ng'ombe wanne, leo amekuja kutafuta bati kwa mchunga ng'ombe. Nikachukua sanduku moja lililokuwa na bawaba mbovu, nikamsukumia kifuani. Nikamwambia aweke cheti chake humo kisilowe.

Aliweka sanduku chini, akaweka na ule unga juu yake, akaondoka. Mama Atieno alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Akamfuata mbio, na mimi nikampigia kelele kwamba akivuka lango aendelee mbele, akaolewe na Owuor. Akasimama pale langoni. Alisimama muda mrefu, mgongo kwangu.

Ningekomea hapo labda nisingekuwa naandika. Watu wanatukanana na wanasameheana. Lakini bado.

Mwaka mmoja na kitu baadaye nilipita Makina kumsalimia Mama Halima, kwa sababu yule mama alinipa chumba wakati sina kitu na mimi si mtu wa kusahau mema. Tukanywa chai. Nikienda choo, nyuma ya nyumba yake, nikaona mabati yameegemezwa ukutani, mapya, yamefunikwa gunia. Nikarudi nikamuuliza kama anajenga. Yule mama akashangaa. Akasema si ni ya kwenu, si Mama Atieno anayaleta moja moja, anasema ni ya nyumbani. Akaniombea baraka kwa kuwa na mke kama huyo. Maskini, hakujua.

Yalikuwa kumi na manane. Alikuwa ameyanunua kwa omena, bati moja, wiki zinapita, bati lingine. Yalikuwa ya kupelekwa kwa Owuor. Kumi na manane! Alikuwa amebakisha mawili.

Mtu mwingine angekaa chini alie. Mimi nilisikia moto kuanzia kisogoni. Mke wangu, chini ya paa langu, anamjengea adui yangu! Hivyo ndivyo nilivyoona. Nilimwambia Mama Halima asante kwa kutuwekea, leo ndiyo nimekuja kuyachukua. Nikaita mkokoteni. Tukayapandisha mpaka Ngong Road, tukakata mpaka Kawangware, na mimi natembea kando nimeyashika kwa mkono yasilie.

Nilikuwa nimeanza vyumba vinne vipya nyuma ya ploti, kuta zimekamilika, bado paa. Nikapanda mwenyewe. Fundi aliniomba ngazi nikamkatalia. Nikayapigilia yote kumi na manane siku hiyo hiyo, misumari mingi kuliko inavyohitajika, ili hata mimi nikibadilisha mawazo yasitoke mazima.

Mama Atieno alirudi kutoka sokoni saa kumi na moja, beseni kichwani. Mimi bado niko juu. Akasimama. Niliona macho yake yakienda bati hadi bati. Nilingoja apige kelele, nilikuwa nimejiandaa na majibu.

"Baba Atieno," akasema, "hayo si mabati. Hiyo ilikuwa nyumba yangu."

Nikamwambia nyumba yake ni hii anayolala, na kama haimtoshi barabara ni ndefu. Akatua beseni. Akapika, akatupakulia, tukala. Tangu siku hiyo hakuniomba kitu tena, hata chumvi. Kama chumvi imeisha tunakula hivyo hivyo. Mimi nikajiambia, huyu sasa ameshika adabu. Nilidhani nimeshinda. Mjinga kabisa!

Ugonjwa wa tumbo ulimwanza kabla mwaka haujaisha. Kwanza tulidhani ni vidonda. Alikauka mpaka pete ikawa inaanguka kidoleni. Nilimpeleka hospitali, wakamlaza, nikawa naenda kila siku saa ya kuona wagonjwa, na chungwa na gazeti la kumpepea. Siku moja akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza basi linasimama wapi: "Mtanishusha wapi?"

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia asiseme maneno ya kifo, atapona.

Na sasa sikia ujinga wa mwanamume. Nilienda moja kwa moja nikanunua mabati ishirini na manne. Nikayafunga kwa waya, tayari. Kulikuwa na lori la mtu wa kwetu linaenda kila Ijumaa. Ningesema neno moja tu yangekuwa kwa Owuor Jumamosi. Sikusema! Nilitaka Owuor aje aombe tena. Nilituma mtu amwambie mabati yapo, aje ayachukue mwenyewe. Owuor akarudisha jibu kwamba njia ya Kawangware aliipita mara moja na inamtosha. Nikasema sawa, tutaona nani atachoka kwanza.

Ijumaa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, Mama Atieno akafa.

Tulifika nyumbani kabla ya saa sita, pikapu mbele na basi la waombolezaji nyuma. Wanawake walitupokea kwa nyimbo. Kisha nyimbo zikaisha moja moja, kwa sababu pikapu ilisimama langoni na hakuna aliyejua iingie iende wapi. Kwetu mwanamke analazwa mbele ya mlango wake, na anazikwa kando ya nyumba yake. Mahali simba yetu ilikuwa kulikuwa na kichuguu na mibono imeota.

Wazee walimzunguka Mzee wetu, wakanong'ona. Mzee akaniita akaniuliza tumshushe wapi. Jua linawaka, sanduku liko juu ya pikapu, watu wamejaa uwanja mzima, na wanangu wanatazama viatu vyao.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi chini karibu na gurudumu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mnaweza kumaliza miaka thelathini hamjatazamana. Siku hiyo alisimama, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama.

"Mlango wa mtoto wangu uko wapi?"

Sijawahi kupigwa katika maisha yangu, lakini najua kupigwa hakuumi hivyo.

Wakati huo Owuor alikuwa ametoweka. Nilidhani ameenda kujificha anicheke. Akatokea na shoka na vijana sita wa boma la jirani. Hakusalimia mtu. Wakakata mibono, wakasawazisha kile kichuguu, wakachimba mashimo, wakasimamisha nguzo. Wanawake wakaleta maji, wakakanyaga udongo kwa miguu huku wanalia. Nyasi zilipokosekana, Owuor alienda kwake akapanda juu ya jiko la mkewe, akalivua paa lote, akaja na zile nyasi nyeusi za moshi.

Niliinuka nikashika nguzo moja. Nilitaka kusaidia, Mungu anajua.

"Iweke chini," Owuor akaniambia mbele ya watu wote. "Hii si yako wewe."

Nikaiweka. Nikaenda kukaa na wageni, suti ya Nairobi mwilini, na mwanamke mmoja akanipa mkoba wake nimshikie kwa sababu mikono yake ilikuwa inahitajika kwenye udongo.

Kufikia jioni alikuwa na mlango. Ukuta ulikuwa bado mbichi, ukigusa vidole vinabaki. Tulimzika kesho yake kando ya hiyo nyumba ya siku moja, na mvua ya masika ilipokuja ikaiangusha.

Mwaka uliofuata Owuor alitoka. Mzee alimtangulia akitembelea fimbo, wakajenga nyumba ya nyasi. Ya nyasi! Kumbe angeweza kujenga hivyo tangu zamani. Na yeye ana lake, sitamficha. Alikataa nyasi miaka yote kwa sababu ndugu yake ana bati, na alitaka bati kutoka kwangu au hakuna. Lakini yake atayaungama yeye. Miezi michache baadaye Mzee akafa.

Kwa hivyo sasa hakuna wa kunizuia. Na siwezi kwenda. Wa kunitangulia amekufa, wa kubeba moto amekufa. Wazee wananiambia nioe. Nilipowatajia wanangu habari hiyo, waliinuka wakatoka nje, wote watatu.

Naendelea na biashara. Vyumba ni thelathini sasa. Lakini nikifa leo nitazikwa ndani ya boma la baba yangu kama kijana wa miaka kumi na minane ambaye hajaanza maisha. Wapangaji wangu wanaosema "landlord ni mtu amejipanga" hawajui hilo.

Mwaka huu Atieno, binti yangu wa kwanza, amechumbiwa. Kijana ni mzuri, fundi wa magari, ana heshima. Niliwaandalia watu wake soda na mbuzi hapa Kawangware, nikavaa suti, nikasema maneno ya mzazi. Kisha nikangoja waniulize ng'ombe wa mahari wapelekwe lini. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Hatimaye nikamuuliza Atieno mwenyewe, dukani, akininunulia riveti za kuungia bati.

Akaniambia ng'ombe walishafika. Nikamuuliza wamefika wapi.

"Ng'ombe wanaingia kwa mama," akasema. "Mama hana kwake. Nikasema wapelekwe kwa baba mkubwa."

Alisema polepole, hakunitukana. Akalipa riveti zangu kwa pesa yake, akaziweka mezani, akaenda kazini.

Nimeenda kuwaona. Ilibidi. Ng'ombe saba, mmoja mweupe mwenye pembe fupi, wamefungiwa kwa Owuor. Ng'ombe wa binti yangu! Mke wa Owuor alinikaribisha vizuri sana. Alinipa kiti kile cha mgeni, akaninawisha mikono, akaniwekea kuku. Owuor alikaa upande wa pili. Tulikula tukamaliza, akanisindikiza mpaka kwenye lango lake, akalifunga nyuma yangu kama unavyolifunga mgeni akishatoka.

Basi wewe unayesoma, na najua uko, una duka Kibera au ploti Kawangware, na una ndugu kijijini ambaye ukisikia jina lake unatema mate. Sitakwambia umpende. Wangu sijampenda mpaka leo, na hii barua akiisoma ajue hivyo. Nakwambia mpe mabati. Mpe kabla hajaomba, mpe na misumari, lipia na lori. Ajenge, atoke, na mke wako apate pa kuingilia akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Ukishamaliza hapo mchukie unavyotaka, lakini mchukie ukiwa kwako.